Benchi la Nyuma

Mugeta,
15 Februari 1954

Kwa kijana Hamduni bin Hasani,

Hatujuani bado. Jina langu ni Pastory, mwalimu wa shule ya huku Mugeta, na kwangu ndiko utakakoletwa mwezi wa tano kufanya mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi wako ameniandikia kwamba wewe ni mtoto wa fundi cherehani wa Kamunyonge, Musoma mjini, unaandika hati nzuri, unasema Kiingereza bila kujikwaa, na hujawahi kuishi mahali pasipo na ziwa. Basi lete blanketi. Usiku wa huku una baridi, na samaki tunamsikia tu kwenye mazungumzo.

Utakaa kwangu muhula mzima. Wewe utafundisha, mimi nitakaa benchi la nyuma na wanafunzi wakubwa, kimya. Jioni ndipo tutazungumza. Waliokutangulia walinichukia mwezi wa kwanza, wa pili wakanizoea, wa tatu nikaanza kusinzia kule nyuma. Nikisinzia, ujue mtu amekuwa mwalimu.

Kuna jambo linanikosesha raha, nami sitakuficha. Mwaka huu shule yangu ina darasa la nne kwa mara ya kwanza. Watakaoshinda mtihani wa Novemba wataingia shule ya kati. Nina mvulana mmoja, Wanzagi mwana wa Magesa, ambaye nikimpa hesabu jioni ananiletea asubuhi na nyingine aliyoitunga mwenyewe ili anisumbue. Huyo nataka asome, arudi hapa, achukue chaki yangu. Lakini Bwana Mkaguzi amesema darasa la nne halikai na mwalimu mmoja. Pasipo mwalimu wa pili kufikia Juni, linafungwa. Na mwanafunzi wa mazoezi, hata akifundisha kutwa nzima, hahesabiwi kuwa mwalimu.

Kwa hiyo nimeandika ofisini kuomba usamehewe mazoezi, uletwe kama mwalimu kamili. Nimeandika kwa mkono wangu, mimi ambaye siku zote nimekuwa nikisema kwamba muhula mmoja wa mazoezi hautoshi. Nikijibiwa nitakwambia.

Wako,
Pastory

*

Chuoni,
3 Machi 1954

Mwalimu wangu Pastory,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaenda kuwasomea wenzangu bwenini, nao wakanibeba juujuu.

Nikwambie ukweli, benchi lako la nyuma nilikuwa naliogopa kuliko mtihani. Mazoezi tuliyofanya hadi sasa ni ya wiki tatu tu, katika shule ya hapa mjini. Siku ya kwanza chaki ilinianguka mara tatu mpaka watoto wakacheka. Lakini kuanzia siku ya pili mambo yalikwenda. Nauliza swali, mikono yote juu. Mkufunzi alikuja mara mbili akaandika "vizuri". Kwa hiyo usinihofie. Muhula mzima wa kukaliwa nyuma na kutazamwa kisogo ungenifundisha kitu gani ambacho sitafundishwa na kazi yenyewe?

Nakuombea ofisi ikubali. Nikija nitakuletea gunia la dagaa na furu waliokaushwa na dada yangu Mwanaupe, ili samaki asibaki kwenye mazungumzo. Huyo Wanzagi mwambie ajiandae, hesabu ndilo somo langu.

Mimi mwanao,
Hamduni

*

Mugeta,
2 Aprili 1954

Kijana wangu Hamduni,

Wamekubali. Tena hawakukubali kwako peke yako. Darasa lenu zima limesamehewa, kwa kuwa ofisi imegundua ina shule nyingi na walimu wachache, na barua yangu imewaonyesha njia rahisi. Nilibisha hodi kwa ajili ya mtu mmoja, mlango ukafunguliwa ukaachwa wazi. Sijafurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Utaanza mwezi wa tano kama mwalimu wa Serikali. Cheti utapewa baada ya Bwana Mkaguzi kukuona darasani mara moja. Mimi nitakaa benchi la nyuma vilevile, hawawezi kunikataza kukaa kwenye shule yangu.

Watoto wa huku Kiswahili wanakikuta shuleni, nyumbani wana lugha yao. Ukiuliza swali na mikono isipande, usidhani ni wajinga, wanatafsiri. Tena kuna mambo ya vijana wakubwa, hasa baada ya mavuno, ambayo si rahisi kuyaandika yakaeleweka. Hayo nitakueleza tukikaa.

Dagaa nimeshawaambia watu.

Pastory

*

Mugeta,
10 Mei 1954

Mwalimu Pastory,

Shikamoo. Nimefika kwa lori la dereva Jumanne wa Bunda, nimejaa vumbi na dagaa, nakuta hupo. Katekista amenikabidhi funguo, boksi la chaki na kuku mmoja, akasema umeitwa Musoma na barua zako zipitie kwa huyohuyo Jumanne, yeye ndiye anajua pa kukupata. Hata usingenisubiri siku mbili?

Basi nafundisha madarasa yote manne peke yangu, mawili asubuhi na mawili mchana. Siwezi kusema ni kazi ngumu. Watoto wanaendelea vizuri. Wanzagi nimemwona, ni mrefu kunizidi mimi, na kweli kichwa anacho. Ndiye anayenisaidia kuwatuliza wadogo na kunitafsiria.

Benchi lako la nyuma lipo na mahali pako pako wazi. Hakuna mwanafunzi anayepakalia, sijui uliwaambia nini.

Hamduni

*

Musoma,
28 Mei 1954

Kijana wangu,

Niwie radhi. Niko kwenye kozi ya walimu wakuu na haina dalili ya kwisha mapema. Usishangae mwandiko, kalamu si yangu.

Kwamba kila kitu kinaendelea vizuri siamini, maana hakuna mtu aliyefundisha madarasa manne mwezi mmoja bila kutaka kukimbia. Niandikie na yale mabaya. Ndiyo kazi yangu kuyasikia. Ingekuwa jioni tuko wote kibarazani kwangu, ungekuwa umeshayasema.

Jambo moja nakuomba ulishike. Baada ya mavuno vijana wakubwa, Wanzagi na wenzake wa rika lake, watatoka shuleni kwa ajili ya tohara. Usiwazuie. Wakirudi, niandikie kabla hujawaingiza darasani, nami nitakujibu kwa lori la siku hiyohiyo. Usiache.

Pastory

*

Mugeta,
21 Agosti 1954

Mwalimu Pastory,

Shikamoo huko uliko, maana hiyo kozi yako sasa inataka kushindana na chuo changu kwa urefu.

Vijana wa darasa la nne wamerudi kutoka tohara. Uliniambia nikuandikie kwanza. Nisamehe, Mwalimu, sikuona sababu, na niseme wazi kwamba liliniudhi. Mnaniacha peke yangu na shule nzima, halafu niombe ruhusa ya kufungua mlango? Mimi pia nilitahiriwa. Nilikuwa na miaka saba, ngariba alikuja nyumbani, shangazi akanipikia maandazi, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa madrasa napigwa makofi kwa kusahau sura kama kawaida. Sikuhitaji kufundishwa namna ya kumpokea mtu aliyetahiriwa.

Nikueleze yaliyotokea, uone kwamba shule yako iko kwenye mikono salama. Hawa vijana wamerudi na kiburi. Hawachezi na wenzao, wanakaa pembeni, wanasalimia kama wazee wa baraza. Jumatano ilikuwa zamu ya Wanzagi kufagia pamoja na wadogo. Akakataa. Alisema taratibu kabisa, "Mwalimu, hiyo kazi siifanyagi tena. Nilikuwaga naifanya. Mwambie mdogo wangu." Mdogo wake yupo darasa la pili, na alikuwa palepale ameshika ufagio. Darasa zima likanitazama mimi.

Ningefanya nini? Ningenyamaza, kesho nani angenisikiliza? Nikachomoa ile fimbo yako iliyochomekwa kwenye nyasi za paa. Ilikuwa imejaa utando wa buibui, sijui mara ya mwisho uliitumia lini. Nikamlaza kwenye benchi la mbele, nikamchapa viboko vinne. Hakulia. Aliinuka, akajipangusa magoti, akaweka kibao chake cha kuandikia juu ya meza yangu, akatoka. Wale wenzake wa tohara wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele. Nadhani wamekwenda kupoza hasira, Jumatatu nitawaona.

Tangu siku hiyo darasa ni kimya kabisa. Ni kimya kizuri. Ungekuwa pale benchi la nyuma nadhani ungesinzia.

Hamduni

*

Kamunyonge,
24 Agosti 1954

Mdogo wangu Hamduni,

Baba mzima, cherehani nzima, na mimi mzima ila kuchoka. Nimekatazwa kukwambia haya ninayokwambia, na mwenyewe wanijua nikikatazwa.

Juzi nilimpeleka mtoto wa jirani yetu Mwanahalima hospitali. Kwenye kibaraza cha wagonjwa wa kifua nikamkuta mzee mmoja mwembamba, ana barua mkononi, anawasomea wagonjwa wenzake na kuwafasiria. Anasema, "Sikilizeni huyu kijana wangu anavyojisifu." Nikatega sikio, nasikia habari za kuku na dagaa. Nikamuuliza, Mzee, kijana wako ni nani? Akasema jina lako na la baba. Nilipomwambia mimi ndiye Mwanaupe niliyekausha wale furu alicheka mpaka kikohozi kikambana, mwuguzi akaja kunifokea mimi.

Kozi gani, Hamduni? Yuko pale tangu mwanzo wa mwezi wa tano. Anatema damu. Anasema ofisi ikijua ana kifua kikuu watamstaafisha mara moja, shule itabaki na mwalimu mmoja, na darasa lake la nne litakufa. Ndiyo maana ofisini ameomba likizo tu, na kwako pia ameficha, asije akakutisha ukakimbia.

Basi acha kumwandikia maneno ya kiburi. Mwandikie vizuri, hizo barua zako ndizo dawa anayoitaka. Anajivunia wewe mno, mpaka nimeona haya.

Dada yako,
Mwanaupe

*

Musoma,
28 Agosti 1954

Hamduni,

Barua yako imenifika leo asubuhi. Hii sijamsomea mtu.

Uliyemlaza si mtoto. Alikuwa mtoto mwezi wa sita. Kwenu Musoma tohara ni jeraha linalopona na maandazi juu yake. Kwa watu wa Mugeta anayerudi si yule aliyekwenda. Mtu mzima anaweza kukemewa, anaweza kutozwa faini, hata kufukuzwa. Halazwi juu ya benchi na kuchapwa mbele ya watoto ambao bado, huku mdogo wake akitazama. Umemrudisha utotoni mbele ya watu, na rika lake haliwezi tena kukaa ndani ya nyumba ambamo mwenzao alilazwa. Hiyo si hasira, Hamduni, kwa hiyo Jumatatu haiwezi kuiponya.

Unataka kujua nilikuwa nafanya nini kila mwaka? Nilikuwa nawapokea mlangoni, nawapa mkono mmoja mmoja kama watu wazima, nawaambia waje wakae na mimi benchi la nyuma. Ufagio nawapa wadogo. Basi. Ni kazi ya kupepesa jicho. Hata nisingehitaji kukueleza. Ungekuwa kwenye mazoezi ungeliona kwa macho yako katika mwezi wako wa tatu, na jioni ungeniuliza kwa nini nimefanya vile.

Dada yako ameshakwambia niko wapi, najua, uso wake haukuniahidi kitu. Ni kweli. Mimi ndiye niliyeomba usamehewe mazoezi. Nilijua nimeanza kutema damu, nikahesabu kwamba nitakuwa na wewe angalau mwezi mmoja kabla sijaanguka, nikaanguka siku tatu kabla hujafika. Yale niliyosema si rahisi kuyaandika ningeyaandika tu, hata vibaya.

Fanya hivi. Nenda na katekista nyumbani kwa Mzee Magesa, babake Wanzagi. Msiingie. Kaeni nje ya ua mpaka muitwe, hata ikiwa ni kutwa. Mkiitwa, wewe ndiye useme, si katekista. Usijitetee. Sema hukujua na uulize unatakiwa kufanya nini. Chochote watakachokuambia, fanya. Wanzagi lazima awe darasani kabla ya Novemba. Nakuomba kama baba.

Pastory

*

Mugeta,
14 Septemba 1954

Mwalimu wangu, baba yangu,

Shikamoo. Uliniambia nikuandikie na yale mabaya.

Tulikwenda siku ileile barua ilipofika. Tulikaa nje ya ua tangu asubuhi. Ng'ombe walitoka wakatupita, jioni wakarudi wakatupita. Mzee Magesa alitoka mara mbili, hakutuangalia. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu katekista alikuwa na shughuli zake, nikaenda peke yangu, na ndipo Mama Nyamburi, mama yake Wanzagi, alipotoka akanipa maji. Nikapiga magoti. Nikasema kama ulivyoniagiza, sikujua, niambieni nifanye nini.

Akasema, "Mwalimu, inuka. Sisi hatukuchukii. Mtu akifikaga ugenini anafundishwa, wewe hukufundishwa. Nani alikuleta kwetu bila kukufundisha?"

Nikainuka, Mwalimu. Sikulitaja jina lako.

Nikamuuliza Wanzagi yuko wapi. Akasema aliondoka usiku wa siku ile ya fimbo, amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Wenzake hawakumfukuza, ila alipokaa nao kula waliinuka. Mzee Magesa hasemi neno kwa sababu hakuna la kusema. Nilimuuliza mama huyo kama ipo faini, ng'ombe, mbuzi, chochote, ningefanya kazi miaka nikalipa. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonivunja. Faini ingekuwepo kama ningekuwa mtu wa pale.

Bwana Mkaguzi amekuja Ijumaa. Darasa la nne limebaki na watoto tisa, wengi wasichana na wadogo. Amesema mtihani hautafanyika hapa na darasa limefungwa kuanzia mwezi ujao. Kisha akanitazama nikifundisha, akaandika "vizuri".

Hakukaa nyuma. Alisimama mlangoni.

Nimekukosea, Mwalimu. Sina neno jingine.

Mwanao,
Hamduni

*

Butiama,
5 Oktoba 1954

Kwa Hamduni,

Mimi ni Jenoveva, mke wa Mwalimu Pastory. Tulimtoa hospitali wakati hakuna tena cha kufanya, tukamleta huku nyumbani. Amefariki Jumapili, amezikwa jana.

Barua yako ya Septemba ilimkuta hapa. Macho yalikuwa yamechoka, akaniambia nimsomee. Kusoma alinifundisha yeye mwenyewe, tulipooana. Nikaifungua, nikaipitia kwa macho yangu kwanza, nikamwona anavyoningoja. Nikamsomea maneno mengine. Nikasoma kwamba mlikwenda, mkaitwa ndani, mkapewa uji, na kwamba vijana wote wamerudi na Wanzagi yupo benchi la nyuma. Akaniuliza, "Mahali pangu pale?" Nikasema ndiyo, pale. Akafurahi. Alinitaka nimsomee tena, nami nikahangaika kukumbuka nilichotunga.

Alisema kabla ya hapo kwamba kosa ni lake, lisije likakaa kwako. Nimekufikishia kwa kuwa aliniagiza. Mimi sisemi hivyo. Kwangu mimi yeye alikosea na wewe ulikosea, na yeye ameshalipa.

Koti lake liko nyuma ya mlango wa nyumba ya mwalimu. Mpe Jumanne aje nalo.

Jenoveva

*

Machimboni,
18 Novemba 1954

Mwalimu Hamduni,

Barua yako nimeipata kwa mtu wa Bunda. Umeniuliza kama bado nina hasira. Sina. Nilikuwaga nayo njiani, ikaisha.

Umeniambia niende kufanya mtihani Musoma mjini, utanilipia kulala. Mwalimu, mtihani ulikuwa wiki iliyopita. Hata ungekuwa kesho nisingekwenda. Mwalimu Pastory alisema nitasoma nirudi nifundishe pale Mugeta. Nitamfundisha nani? Mdogo wangu aliniona nimelala kwenye benchi. Nikisimama mbele ya ubao yeye ataona hilo kwanza.

Hapa nyapara anapiga mtu yeyote, mkubwa na mdogo, na mimi napigwa kama wengine. Lakini hapa hakuna anayenijua. Kwa hiyo nakaa.

Kusikia Mwalimu Pastory amekufa kumeniumiza. Kile kibao changu kama bado kipo, nilitaka umpe mdogo wangu. Lakini Mama ametuma habari kwamba naye amekataa shule, basi kikae tu.

Wanzagi Magesa

*

Ofisi ya Elimu,
6 Desemba 1954

Kwa Mwalimu Hamduni Hasani, Mugeta

KUHUSU: OMBI LA KUFANYA MAZOEZI YA KUFUNDISHA

Ombi lako la kurudishwa chini ya mwalimu mzoefu kwa muhula mmoja, ili ufanye mazoezi uliyosamehewa, limesomwa. Unaarifiwa kwamba haliwezi kukubaliwa. Mazoezi ya muhula mzima hayapo tena katika taratibu za chuo, na shule iliyokuwa ikitumika kwa kazi hiyo haina mwalimu wa kuyasimamia.

Cheti chako kimeambatanishwa. Bwana Mkaguzi ameridhika na kazi yako.

Kuanzia Januari utafungua shule mpya ng'ambo ya Mto Mara, ambako utakuwa mwalimu pekee. Kwa kuwa sasa una uzoefu, utaletewa mwanafunzi wa ualimu aitwaye Danford akae nawe wiki moja, kisha aendelee mbele kwenye kituo chake.

Karani,
kwa niaba ya Mkaguzi wa Shule

*

Kamunyonge,
3 Januari 1955

Kwa kijana Danford,

Barua yako ya furaha nimeipata. Unasema umesamehewa mazoezi na kwamba mlibebana juujuu bwenini. Najua. Nami nilibebwa.

Niko hapa kwetu kwa siku chache, kabla ya kuvuka kwenda hiyo shule niliyopangiwa. Wewe utakuja nyuma yangu, tutakaa wiki moja, kisha utaondoka kwenda kuwa peke yako. Nimekwisha kukuandikia barua mbili ndefu na zote nimezichana. Niliwahi kuwa na mwalimu aliyeniahidi kunieleza mambo fulani tukikaa, na hatukukaa. Kwa hiyo niliapa kwamba mimi sitangoja. Nitakuandikia kila kitu kabla hujafika, hata vibaya.

Nimekaa hapa tangu juzi na kalamu, dada yangu anapita ananitazama. Ningeweza kukwambia uwape mkono vijana waliorudi kutoka tohara, usimpe mkubwa ufagio, usichomoe fimbo kwenye paa. Lakini hayo ni ya Mugeta, na Mugeta hatuendi. Huko tuendako ni watu wengine, mimi sijawahi kufika, na sijui ni jambo gani la kwao ambalo sisi wawili tutalikanyaga. Aliyekuwa anajua kuuliza hayo kwa watu, na kuyangoja, amelala Butiama. Alichokuwa nacho kilichukua muhula mzima kukipata, nami sikukipata.

Kwa hiyo nitakaa benchi la nyuma wiki nzima, utafundisha, na jioni utaniuliza, nami sitakuwa na jibu.

Njoo na blanketi.

Hamduni